Gemu ya Wizi Isiyo na Mwenyewe

Ukiiwasha Somari, sekunde chache za mwanzo utadhani macho yanakudanganya. Mandhari ni ya Green Hill, ile hatua ya kwanza ya Sonic the Hedgehog ambayo hata asiyecheza gemu huitambua: udongo wa miraba ya kahawia, minazi, pete za dhahabu zimening'inia hewani. Wimbo nao ni uleule, ila umebanwa mpaka unasikika kama filimbi ya plastiki. Anayekimbia humo si Sonic. Ni Mario, na masharubu yake na kofia yake, anajikunja na kubiringika kama tufe kwenye miinuko ambayo hakuzaliwa nayo. Mario wa Nintendo yumo ndani ya nyumba ya Sega, tena mwaka 1994, wakati kampuni hizo mbili hazikuwa zikipikika chungu kimoja. Wenyewe walikuja kuwakutanisha wahusika hawa rasmi mwaka 2007, katika gemu ya michezo ya Olimpiki. Wezi walikuwa wamewatangulia kwa miaka 13.

Hakuna aliyeipa Somari leseni. Iliandikwa na kundi la Taiwan ambalo wafuatiliaji wa mambo haya hulijua kama Hummer Team, safari hii likijiita Someri Team, na ikauzwa kwenye kaseti za Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Mtandaoni imeishi kwa kuchekwa. Video za watu wakiicheza huku wakishika vichwa ni nyingi, na kila mara kaseti nyingine ya aina yake inapopatikana, ikasomwa na faili lake likawekwa hadharani, maoni hugawanyika makundi mawili: wanaocheka na wanaolaani. Nadhani makundi yote mawili yanaangalia pembeni, na mjadala mkubwa wa kuhifadhi gemu za zamani umekosea palepale walipokosea wao.

Mjadala wenyewe ulipata mtihani Oktoba 2024. Wahifadhi nchini Marekani walikuwa wameomba maktaba na hifadhi za nyaraka ziruhusiwe kumfungulia mtafiti gemu ya zamani isiyouzwa tena, akaisome akiwa mbali, bila kulazimika kusafiri hadi kwenye jengo inakotunzwa. Chama cha kampuni za gemu, Entertainment Software Association, kilipinga, na Ofisi ya Hakimiliki ikalikataa ombi. Kabla ya hapo, Julai 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ilikuwa imetoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za kale zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Baada ya uamuzi ule watu wengi walitulizwa na hoja moja inayosikika kuwa ya busara: gemu ni mali ya mtu, mwenye mali ndiye mwenye jukumu la kuitunza, na siku akiona kuna faida ataitoa tena. Mimi nasema hoja hiyo ipimwe kwa Somari. Ni gemu ambayo hakuna anayeweza kuimiliki kisheria, kwa hiyo hakuna atakayeitunza kwa sababu ni yake. Na kinyume na kicheko chetu, ni kazi yenye jambo la kufundisha.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Famicom ilipoingia sokoni Japani Julai 1983 haikuwa na kufuli. Aliyeweza kutengeneza kaseti yenye umbo sahihi na chipu inayosomeka, kaseti yake ilicheza, basi. Nintendo ilijifunza, na toleo la Marekani, NES, lililoanza kuuzwa mwaka 1985, likaja na chipu ya ulinzi iliyosalimiana na chipu mwenzake ndani ya kaseti; salamu isipojibiwa, mashine inajizima na kujiwasha bila kikomo. Marekani wasio na leseni walilazimika kuivunja salamu hiyo. Tengen, kampuni iliyotoka ubavuni mwa Atari Games, ilipata msimbo wa chipu hiyo kutoka Ofisi ya Hakimiliki kwa kudanganya kwamba ilikuwa inauhitaji kwa ajili ya kesi, na ikashindwa mahakamani. Color Dreams, kampuni nyingine isiyo na leseni, walituma mshtuko wa umeme uliolevya chipu. Upande wa Asia hapakuwa na mlango wa kuvunja. Viwanda vya chipu vya Taiwan viliiga moyo mzima wa mashine, zikazaliwa konsoli za kuigiza zilizokwenda hadi Poland kwa jina la Pegasus na Urusi kwa jina la Dendy. Kwa mtoto wa Warsaw au Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1990, kaseti ya magendo ndiyo iliyokuwa kaseti. Hakuwa na nyingine ya kuilinganisha nayo.

Hapa ni lazima tutenganishe vitu ambavyo neno "feki" limevirundika kapu moja. Kuna kaseti ambayo ni nakala tupu: faili la mtu, kibandiko kingine. Kuna ile ambayo kichwa cha mhusika kimekatwa kikabandikwa kingine, kama ile iliyokuja kupata umaarufu kwa jina la Grand Dad: ni gemu ya The Flintstones ya Taito, Fred amevishwa kichwa cha Mario, na mambo yakaishia hapo. Kuna pia gemu isiyo na leseni lakini ambayo ni jasho la mwandishi wake, kama Micro Machines ya Codemasters ya mwaka 1991, ambayo hakuna mwenye akili zake atakayeiita wizi. Somari haikai vizuri popote kati ya hizo. Kila kinachoonekana kimeibwa; kinachokifanya kionekane hakikuibwa, kwa sababu hakikuweza kuibwa.

Nieleze, maana hapa ndipo penye utamu. Sonic ya 1991 iliandikiwa Mega Drive, mashine ya Sega yenye prosesa ya Motorola 68000 ya megahezi 7.67 na kilobaiti 64 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Famicom ina prosesa ya ukoo wa 6502 inayokwenda megahezi 1.79, na kumbukumbu yake ni kilobaiti 2. Prosesa hizi mbili haziongei lugha moja. Hata ungepewa msimbo wote wa Sega kwenye karatasi, hakuna mstari mmoja ambao ungeuhamisha ukafanya kazi. Hummer Team walilazimika kuikalia gemu, kuitazama inavyotenda, kisha kuandika upya kila tendo lake kwa mashine dhaifu kuliko ile kwa kila kipimo. Rangi: Mega Drive inaonyesha zaidi ya 60 kwa pamoja, Famicom 25. Vitu vinavyotembea: Famicom inavichora kwa vipande vyenye upana wa pikseli 8, na mstari mmoja wa skrini haubebi zaidi ya vipande 8, kikizidi kimoja, kinatoweka. Mhusika mwenye upana wa pikseli 24 amekwisha kula vipande vitatu kabla adui wa kwanza hajatokea. Sasa weka pete mbele yake, weka mdudu anayeruka nyuma yake, halafu umpandishe kwenye kitanzi cha barabara kinachomzungusha kichwa chini miguu juu. Kitanzi hicho chenyewe ni mateso, kwa sababu mashine haina habari ya miinuko. Inajua miraba tu. Pembe ya kila mwinuko ni hesabu ambayo lazima mtu aiandike.

Walipoona ngoma nzito waliacha kitu: hatua ya Labyrinth, yenye maji, haimo. Waliongeza kingine: Spin Dash, mbio za kujizungusha papo hapo kabla ya kuchomoka, ambazo zilikuja na Sonic 2 ya 1992. Nilipoicheza mara ya kwanza kwenye emuleta, programu ya kompyuta inayoiga mashine ya zamani, nilidhani nyongeza hiyo ni madoido, mpaka Mario wangu alipopanda nusu ya kitanzi, akaishiwa pumzi, akateleza kurudi alikotoka kama mtu aliyesahau funguo. Mwendo haujikusanyi ipasavyo. Spin Dash ilikuwa dawa ya ugonjwa walioshindwa kuutibu kwenye hesabu.

Ubovu huo ndio kila mtu anaucheka. Lakini tazama jinsi Sega yenyewe ilivyofanya. Ilipotaka Sonic kwenye Master System, mashine yake ya biti 8, mwaka huohuo wa 1991, haikujaribu kuhamisha hatua za Mega Drive. Kazi ilipewa kampuni ya Ancient, ambayo ilibuni ramani nyingine na hata hatua ngeni kabisa kama Bridge na Jungle. Ulikuwa uamuzi wa busara, na gemu ilitoka nzuri. Miaka 15 baadaye, mwaka 2006, Sega ilijaribu kuihamisha Sonic ya asili kama ilivyo kwenda Game Boy Advance, kifaa chenye prosesa inayokwenda zaidi ya mara tisa ya kasi ya Famicom, na ikaishia na gemu inayojikokota hadi ikawa aibu ya maadhimisho ya miaka 15 ya mhusika wao. Sisemi Somari ni nzuri kuliko hiyo. Nasema kazi waliyoikimbia wenye mali, au waliyoifanya vibaya wakiwa na zana bora, watu wasiojulikana waliijaribu kwa kilobaiti 2 na wakafika karibu. Anayetaka kujua Famicom ingeweza kubeba nini hasa, hapo ana ushahidi ambao hakuna gemu yenye leseni inayompa, kwa sababu hakuna mwenye leseni aliyekuwa na sababu ya kujaribu.

Tuje kwa wanaolaani, na tuanze na hoja yao nzito. Ramani za hatua za Sonic ni kazi ya Hirokazu Yasuhara. Umbo la Sonic lilichorwa na Naoto Ohshima, hesabu za mwendo ziliandikwa na Yuji Naka, muziki ni wa Masato Nakamura. Walikesha, wakatunga kitu ambacho hakikuwepo, kisha watu wengine wakakiuza bila kuwataja wala kuwalipa. Huo ni wizi na sina nia ya kuupaka rangi. Anayesema msimbo ulioandikwa upya unafuta deni la ramani hajawahi kuchora ramani. Ningekuwa hakimu wa 1994 ningeagiza kaseti zikamatwe, na sioni kwa nini leo mtu aachwe achapishe nakala mpya za Somari na kuziuza kwa watoza vitu vya kale, kama wengine wanavyofanya. Hukumu hiyo inamhusu muuzaji. Swali la kama nakala moja isomwe, ieleweke na itunzwe ni swali jingine kabisa, na kuyachanganya ndiko kunakotuharibia mazungumzo. Hifadhi hutunza noti bandia, na hakuna anayedhani imefungua kiwanda cha kuzichapa.

Upande wa pili kuna wapenzi wanaowageuza maharamia hawa kuwa mashujaa: eti walikuwa wakombozi wa wanyonge waliopuuzwa na makampuni. Inapendeza kusikia, ila ni hadithi. Walikuwa wafanyabiashara, na walijua thamani ya mali kuliko wanavyodhaniwa. Bao nyingi za kaseti za magendo zina saketi za ulinzi zilizowekwa na haramia ili haramia mwenzake asinakili! Mwizi alifunga mlango wake kwa kufuli. Somari yenyewe haikupona: zilitoka nakala ambamo Mario ameondolewa na Sonic akarudishwa mahali pake, mwizi wa pili akirekebisha kosa la mwizi wa kwanza. Na wale waliokaa kuandika hesabu za kitanzi walifichwa nyuma ya jina la timu, na jina lenyewe likabadilishwa kila ilipofaa biashara. Kama kuna wanyonge katika kisa hiki, na wao wamo.

Hoja kwamba gemu mbovu haistahili kutunzwa naipita haraka. Hakuna anayetunza magazeti ya zamani kwa sababu yameandikwa vizuri.

Iliyobaki ni ile ya mwenye mali, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayoshinda ofisini. Tuifuate mpaka mwisho. Nani mwenye Somari? Nintendo inamiliki Mario lakini haimiliki Green Hill. Sega inamiliki Green Hill lakini haimiliki Mario, na kwenye muziki kuna haki za Nakamura pia. Hummer Team waliandika msimbo, lakini kifungu cha 103 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinasema kazi iliyotokana na nyingine haipati ulinzi katika sehemu yoyote ambamo kazi ya awali imetumiwa kinyume cha sheria. Na katika Somari utakata wapi, useme sehemu hii ni safi? Kwa hiyo tuna kitu ambacho wenye haki za vipande wanaweza kukizuia, kila mmoja kwa kipande chake, lakini hakuna anayeweza kukitoa. Ili kitoke kihalali, washindani wa jadi wakae meza moja na kukubaliana kuuza aibu yao ya pamoja. Njia nyingine ni kungoja. Kwa hesabu ya Marekani ya miaka 95 kwa kazi za kampuni, Sonic ya 1991 italindwa hadi mwisho wa 2086. Kaseti haina subira hiyo.

Sitii chumvi kuhusu kaseti. Fungua ya magendo ya miaka hiyo, mara nyingi hukuti chipu nyeusi yenye miguu kama ulivyozoea. Unakuta tone la gundi jeusi limemwagwa juu ya ubao, duara lisilo sawasawa kama lami iliyodondoka, na chini yake kipande cha silikoni kimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ilikuwa njia rahisi ya kupunguza gharama. Likipata unyevu au nyuzi zikakatika, huwezi kung'oa chipu ukaiweka kwenye mashine ya kusomea. Hakuna cha kung'oa. Unachoweza ni kuisoma kupitia meno ya kaseti ikiwa bado inapumua, na hapo unakutana na tatizo la pili. Prosesa ya Famicom huona kilobaiti 32 tu za programu kwa wakati mmoja, kwa hiyo gemu kubwa hukatwa kurasa, na saketi ndani ya kaseti huamua ukurasa upi ufunguliwe sasa. Kaseti zenye leseni hutumia saketi zinazojulikana. Haramia alibuni yake. Usipojua saketi inavyopindua kurasa, utasoma ukurasa uleule mara kumi ukidhani umemaliza kitabu.

Jumuiya ya wapenzi wa emuleta imekuwa ikiziorodhesha saketi hizi kwa namba tangu miaka ya 1990. Somari ni namba 116: ubao unaoweza kujifanya aina tatu tofauti za saketi, ukibadilika kutoka moja kwenda nyingine kwa amri ya programu. Pitia orodha hiyo na utaona namba nyingi ni za bao za magendo kama huu. Kila moja ina maana kwamba mtu alikaa na kaseti ya wizi, bila malipo, akapima waya baada ya waya mpaka akaelewa fundi asiyemjua alikuwa na wazo gani. Ujuzi huo haukutoka Nintendo wala Sega, na isingewezekana utoke huko, hawakuwahi kuujua. Kuna hata wapenzi waliolichukua lile toleo lenye Sonic, wakaingia ndani ya msimbo na kunyoosha mwendo wake.

Ndiyo maana naona uamuzi wa Oktoba 2024 ulikuwa na kasoro kubwa kuliko ile iliyolalamikiwa. Malalamiko yalikuwa kwamba mtafiti atasumbuka kusafiri, na ni kweli atasumbuka. Lakini mfumo mzima umejengwa juu ya dhana kwamba nyuma ya kila gemu yupo mwenyewe, na kwamba soko lake ndilo la kulindwa. Kwa Somari hakuna soko halali lililowahi kuwepo wala litakalokuja. Mtafiti akiifungua kutoka mbali, nani amepoteza senti? Sheria ingeweza kuuliza swali hilo rahisi kabla ya yote: je, yupo yeyote anayeweza kukitoa kitu hiki kihalali? Jibu likiwa hapana, hoja ya kulinda mauzo ianguke yenyewe, na maktaba iruhusiwe kukitunza na kukionyesha bila kukiuza. Ruhusa hiyo isingemsaidia mchapishaji wa kaseti mpya hata kidogo, kwa sababu yeye hafanyi utafiti, anafanya biashara. Ingewagusa pia wanaocheka: kitu kikiwa kwenye maktaba, na maelezo yake pembeni, kinasomwa tofauti na kikiwa kwenye video ya dakika kumi ya mtu anayepiga kelele.

Maktaba zikifika huko zitakutana na shida ndogo ya kikazi, ile ya kujaza kadi. Sehemu ya jina ni rahisi, na mwaka upo. Ikija sehemu ya mwandishi, mimi ningeandika Yasuhara kwenye ramani, Nakamura kwenye nyimbo, Someri Team kwenye msimbo, na ningeomba mstari wa ziada kwa yule fundi wa ubao namba 116. Sehemu ya mmiliki ningeiacha wazi.